Pleya ya santuri ya babu: irudishe kwanza ilivyokuwa, mabadiliko yaje baadaye

Swali la msomaji wa Bombo, Uganda:

"Babu ametuachia pleya ya santuri ya Goldring Lenco GL75, santuri nyingi ndogo za 45 na chache nzito za 78. Mota inazunguka, lakini inanguruma, kasi inayumba, mkono unacheza ovyo pale ulipofungwa, na spika zinavuma hata kabla sindano haijagusa santuri. Fundi mmoja amenishauri nitoe mota ya zamani, niweke mota ndogo ya DC na mkanda. Mimi nataka pia kutengeneza boksi jipya la mvule, na ikiwezekana niweke bluetooth. Nianzie wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, anza kwa kumshukuru fundi huyo, kisha umwambie mota haitoki. Kila tatizo ulilolitaja lina chanzo kinachojulikana kwenye mashine hii, na hakuna hata kimoja kinachodai uondoe mota. Kazi ya kwanza ni kuirudisha pleya ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Isikilize kwa wiki kadhaa, ndipo uamue unataka kubadilisha nini. Ukianza na mabadiliko, utakaposikia ubovu hutajua kama ni wa zamani au umeuingiza mwenyewe.

Ni vizuri ujue umerithi nini. Lenco ilikuwa kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa Burgdorf mwaka 1946. Goldring ndiyo iliyokuwa ikiziuza pleya hizi Uingereza kwa jina la pamoja, ndiyo maana yako inaitwa GL75 na ndugu yake wa Ulaya bara anaitwa L75. Haina mkanda. Mota ina mhimili uliochongwa ukawa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Gurudumu jembamba la mpira husimama wima kati ya mhimili huo na sahani, nalo ndilo linaloizungusha sahani kwa chini. Ukisogeza kishikio cha kasi, gurudumu linateleza juu ya mhimili: upande mnene sahani inakimbia, upande mwembamba inapunguza mwendo. Kwa hiyo hufungwi na kasi za mizunguko 33⅓, 45 na 78 kwa dakika tu. Unaweza kusimama popote katikati, na hiyo ni nafasi adimu kwa mwenye santuri za zamani, kwa sababu si santuri zote tunazoziita za 78 zilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Sahani yenyewe ina karibu kilo 4. Ukiweka mota ndogo na mkanda, unaweza kupoteza 78, unaweza kupoteza uhuru huu wa kurekebisha kasi, na umetupa nguvu inayoufanya muziki wa dansi usimame imara kwenye pleya hii.

Kabla ya lolote, umeme. Chomoa plagi ukutani, toa sahani, kisha geuza mashine juu ya blanketi nene. Waya wa zamani wa Kiingereza ulikuwa na rangi tofauti na huu wa leo: mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni nyutro, kijani ni erthi. Wa sasa ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Usibahatishe hapo. Kama ganda la waya limekuwa gumu na linapasuka ukilikunja, badilisha waya mzima, hakikisha erthi imeshika vizuri kwenye bati la mashine, na ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3 badala ya ile ya 13 inayokuja nayo dukani.

Ukiona kapasita ndogo imefungwa kwenye swichi, itoe hata kama inaonekana nzima. Kazi yake ni kuzima cheche wakati wa kuwasha na kuzima, na za umri huo hupasuka na kutoa moshi. Mpya iwe na thamani ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani, lakini lazima iwe daraja la X2, ya volti 275 za AC. Kapasita ya kawaida ya redio, hata yenye volti kubwa, haikuundwa kukaa kwenye umeme wa ukutani. Soma pia lebo ya mota uone imefungwa kwa volti ngapi. Iliyouzwa Uingereza ilitengenezwa kwa umeme kama wetu wa Uganda, volti 240 na hezi 50, kwa hiyo huhitaji transfoma. Na kwa msomaji mwingine aliyeletewa pleya ya mota ya AC kutoka Marekani: transfoma hushusha volti tu, hezi zinabaki 50 badala ya 60, na nyingi kati ya mashine hizo zitaenda polepole kwa karibu sehemu moja ya sita.

Sasa mngurumo na kuyumba kwa kasi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi wanapokosa subira.

Mota imekuwa ikinguruma kwa sababu mafuta yake yamegeuka gundi. Ifungue taratibu, piga picha kwa simu kila hatua, na weka alama ya kalamu kwenye vipande viwili vya ganda ili virudi vilivyokuwa. Safisha ekseli na vishikio vyake vya shaba kwa kitambaa na aisopropili, aina ya spiriti. Aisopropili utaipata kwa wauzaji wa vifaa vya mafundi simu, na hiyo ndiyo unayoitaka, kwa kuwa baadhi ya spiriti za duka la dawa zimechanganywa mafuta yanayobaki juu ya kitu baada ya kukauka. Vishikio hivyo vya shaba vina vitundu vidogo mno vinavyohifadhi mafuta, kwa hiyo ukishavisafisha usivirudishe vikavu. Viloweshe kwa mafuta mepesi ya mota za umeme, SAE 20 yasiyo na sabuni ya injini. Ukiyakosa, mafuta ya cherehani yanafaa, ila itabidi uongeze mapema zaidi. Mafuta ya kupikia, grisi, na ile dawa ya kopo ya kulegeza skrubu visikaribie hapo. Ukishaifunga, zungusha ekseli kwa vidole: inapaswa kwenda yenyewe bila kukwama popote. Kisha iache izunguke peke yake saa kadhaa, ukiishika mara kwa mara uone haipati joto la kukuunguza.

Angalia pia jinsi mota inavyoning'inia. Inakaa juu ya springi ili mtetemo wake usifike kwenye bati. Kwenye kuhamahama, springi moja hutoka mahali pake, mota ikagusa chuma, na hapo utasikia mngurumo kwenye spika hata mota ikiwa na afya.

Gurudumu la mpira nalo lina mambo mawili: uchafu na bapa. Uchafu huondoka kwa kitambaa chenye aisopropili kidogo. Safisha gurudumu, safisha mhimili wa mota, safisha na sehemu ya chini ya sahani linapopita gurudumu, kwa kuwa tone moja la mafuta pale latosha kufanya kasi iyumbe. Petroli na thina zinaua mpira. Bapa ni jambo jingine. Mpira ukibanwa na sahani iliyosimama kwa siku nyingi hupata sehemu iliyolala, na kila inapopita unasikia mpigo mdogo unaojirudia. Bapa dogo huondoka ukilifunga gurudumu kwenye boliti inayolingana na tundu lake, ukaizungusha boliti kwa drili, na kugusisha msasa laini wa namba 400, halafu 600. Gusisha tu, usikandamize. Mpira uliopasuka au uliokuwa mgumu wa kung'aa haurudi, huo agiza mpya.

Hili lifuatalo ni muhimu sana kwetu kwa sababu ya umeme unaokatika. Kishikio cha kuzimia ndicho kinachoondoa gurudumu kwenye sahani. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, rudisha kishikio kwenye kuzima hapohapo, hata kama unatarajia urudi baada ya dakika tano. Ukienda kulala pleya ikiwa kwenye kuwaka, gurudumu linakesha limebanwa. Vivyo hivyo usiizime kwa swichi ya ukutani pekee. Na kama nyumba yenu hutumia sola au betri, inveta iwe ya mawimbi laini kamili. Zile za bei nafuu zinazotoa mawimbi ya ngazi hufanya mota ya AC ivume na kupata joto.

Beringi kuu ya sahani haina mengi. Ifungue, futa mafuta ya zamani yote, panga kila kipande ulichokitoa kwa mfuatano wake, weka mafuta safi kidogo, funga. Sahani ikisukumwa kwa kidole, gurudumu likiwa mbali, iendelee muda mrefu kabla ya kusimama.

Mkono unaocheza ni ugonjwa wa Lenco nyingi za umri huu, kwa hiyo usidhani babu aliuangusha. Mkono huu haukai kwenye vigololi. Unakaa kwa makali mawili ya chuma juu ya vipande viwili vya mpira vyenye mkato wa V. Baada ya miongo mitano mpira huo unavunjikavunjika kama keki iliyokauka, makali yanazama, na mkono unalegea. Toa uzani wa nyuma kwanza, fungua vijiskrubu vinavyoshikilia, inua mkono bila kuuvuta, maana ndani mnapita nyaya 4 nyembamba mno. Kwangua mabaki yote kwa kijiti cha meno.

Vipande vipya huuzwa na vinaweza kuagizwa, ndivyo ninavyokushauri kama una namna ya kupokea kifurushi. Kama huna, nenda Katwe, Kampala. Pale kuna mafundi wanaokereza na kukata vipuri vya mashine kubwa kuliko hii, na kipande cha nailoni ngumu hakiwashindi. Mpelekee vipimo vilivyochukuliwa kwa kalipa, urefu, upana na kimo cha tundu linamokaa kipande, na msisitizie jambo moja: mikato miwili ya V ifanane kabisa kwa kina na kwa pembe, la sivyo mkono utakaa upande. Wengine hupenda shaba njano. Mimi napendelea nailoni, kwa kuwa haipigi kelele makali yanapotikisika na haiyali.

Ukiwa bado unaushughulikia mkono, tazama mkia wake unaobeba uzani. Nao umeungwa kwa mpira, na mara nyingi umeinama. Unyooshe na uufunge upya kwa mpira mwembamba unaobana, kwa sababu uzani ulioinama unaharibu hesabu yote ya kupima sindano.

Kuhusu spika kuvuma, angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu. Kwanza waya wa erthi wa mkono, ufike kwenye skrubu ya erthi ya ampifaya. Pili migusano ya kichwa cha mkono, ambayo kwa unyevu wa kwetu hupata kutu ya kijani. Isugue kwa karatasi ngumu yenye aisopropili. Tatu nyaya nne za katriji, yaani kile kifaa kidogo kinachobeba sindano: nyeupe ni kushoto, buluu ni kurudi kwa kushoto, nyekundu ni kulia, kijani ni kurudi kwa kulia. Ikiwa umelazimika kulehemu, lehemu kwenye klipu wakati haijavishwa katriji. Joto la risasi kwenye pini za katriji hukata koili ya ndani, na hiyo haitengenezeki. Halafu kumbuka kwamba katriji ya sumaku hutoa milivolti chache tu. Ukichomeka pleya kwenye tundu la kawaida la redio utapata sauti nyembamba, ya mbali, isiyo na besi. Ampifaya iwe na tundu la fono, yaani lililotengenezwa kwa ajili ya pleya ya santuri, au ununue priampu ya fono, kikuza sauti kidogo cha kukaa katikati.

Ukimaliza hayo, pima kasi. Chapisha kwenye karatasi duara la mistari la hezi 50: mistari 180 kwa 33⅓, mistari 133 kwa 45, mistari 77 kwa 78. Mengi yaliyomo mtandaoni ni ya hezi 60, ambayo kwa 33⅓ yana mistari 216, na hayo yatakudanganya. Liweke katikati ya santuri iliyo kwenye sahani, chini ya balbu ya zamani ya waya, kwa kuwa balbu nyingi za LED hazimeti inavyotakiwa. Acha mota ipate joto robo saa, weka sindano kwenye mfereji wa nje wa santuri, kisha sogeza kishikio mpaka mistari isimame. Volti zikishuka jioni, kama zinavyoshuka mitaani watu wote wanapopika, mota hulegea kidogo na mistari itaanza kutambaa. Stabilaiza ndogo husaidia kwa hilo.

Sasa, boksi. Hili ndilo badiliko ninalolipenda, na kwa Lenco ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Boksi la kiwanda lilikuwa jepesi na mashine ilining'inia juu ya springi. Ukiifunga kwa boliti moja kwa moja kwenye mbao nzito isiyo na uwazi, mtetemo wa mota unapata pa kufia na besi inakaza. Mvule unapendeza, lakini ni ghali na miti yenyewe imepungua sana. Ukipata mlango wa zamani wa mvule au kabati lililovunjwa, tumia huo kwa nje. Kwa ndani plaiwudi ni bora kuliko mbao nzima, kwa sababu tabaka zake hazipindi mvua zikija. Mafundi mbao wa Ndeeba, Kampala, watakukatia. Chukua vipande vinne au vitano vya milimita 18, kata kila kimoja kwa umbo la vilivyomo chini ya bati, vigundishe pamoja vikiwa vimebanwa usiku kucha. Pima sehemu inayoshuka chini kuliko zote, yaani mota, uongeze sentimita moja. Usitoboe bati lenyewe, tumia matundu yaliyopo, na springi za kiwanda zitie kwenye mfuko na uzihifadhi pamoja na boksi la babu. Kubadilisha nyaya za ndani ya mkono, kupaka bati rangi mpya, kuweka mkono wa kisasa, hayo waache wenye pleya mbili.

Katriji mpya ya kawaida, kwa mfano Audio-Technica VM95E, inaendana na mkono huu na hubebwa kwa gramu 2. Pima kwa mizani midogo ya sonara, usitegemee alama za uzani uliozeeka. Kwa kuwa santuri zako nyingi ni za 45, kumbuka zinaishia karibu na kitovu kuliko za inchi 12, kwa hiyo unapopanga pembe ya katriji kwa karatasi ya kipimo, ipe kipaumbele ile nukta ya ndani, iliyo milimita 66 kutoka kitovu.

Zile za 78 zina sheria zao, na nakusihi uzishike. Mfereji wake ni mpana zaidi. Sindano ya duara ya santuri za kawaida ina ncha ya maikroni 18 hivi, ya 78 ina maikroni 76 hivi. Ukiweka ndogo, itaparaza chini ya mfereji, utasikia mchanga kuliko muziki, na sindano itaharibika. Ukoo huohuo wa VM95 una sindano ya 78, iitwayo SP, inayobebwa kwa gramu 5. Halafu usafishaji: nyingi za 78 zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu unaotokana na wadudu, na shelaki huyeyuka kwa spiriti. Aisopropili uliyosafishia mota isiguse santuri hizo hata tone. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mfereji, lebo isilowane, kisha uikaushe mara moja. Zihifadhi zikiwa zimesimama, mbali na dirisha na jua. Shelaki haipindi vizuri, inavunjika.

Bluetooth haina haja ya kuingia ndani ya pleya. Nunua kisanduku kidogo cha kurushia, ukichomeke baada ya priampu, na mashine ibaki bila tundu jipya. Lakini kabla ya hicho ningenunua kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Rekodi kila santuri ya 78 upande kwa upande kwa biti 24 na kilohezi 96, uhifadhi kama faili ya WAV isiyobanwa, na mikwaruzo usiisafishe kwenye nakala hiyo ya kwanza. Piga picha lebo zote mbili, na uandike kwenye jina la faili namba ya lebo pamoja na namba iliyochongwa karibu nayo kwenye sehemu isiyo na mfereji. Ukikuta ambayo kampuni na lugha yake huitambui, nitumie picha hizo mbili pamoja na sekunde 30 za mwanzo.